Msiikwangue Mbele ya Kusoma

Lusangi, tarehe 9 Februari

Kwako Yaya Jean-Marie, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe pamoja na shemeji Francine na watoto, na yule jirani yenu mwenye redio, maana najua atasikia barua hii hata mkiisoma kwa sauti ya chini. Mgongo wako unaendeleaje? Jino la Elsa limeshatoka, ao bado linawanyima usingizi nyumba nzima? Sisi huku tuko wazima. Mama anakula, anacheka, anatukana kuku wa Louise kila asubuhi, na wewe unajua kwamba siku Mama atakapoacha kutukana kuku wa jirani ndiyo siku ya kwenda kumwita muganga. Mimi pia nipo. Nimepungua kidogo, lakini siyo kwa ugonjwa. Utaelewa ukifika chini.

Mbele ya yote, kuhusu kifurushi. Kile kitu kilichofungwa kwa majani na kamba, ambacho Blaise mwenye moto, yule wa pikipiki, amekukabidhi pamoja na karatasi hizi, ni fromaji. Wewe ni direktere wa shule, utasema niandike jibini. Sawa, ni jibini, lakini huku hakuna anayeijua kwa jina hilo. Nakuomba umwambie shemeji Francine asiikwangue, asiioshe, asiianike juu ya bati. Najua mkono wake ni mwepesi kwa usafi. Ule ukungu wa buluu utakaouona haukuingia njiani, wala Blaise hakuiangusha mtoni, ingawa kwa Blaise hatuwezi kuapa. Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Iwekeni kwenye sahani, ifunikeni, na musiiguse mpaka umalize kusoma. Umefundisha watoto miaka ishirini kwamba maagizo yanasomwa mbele ya kujibu maswali. Leo ni zamu yako.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Tangu Novemba hujaandika. Blaise amepita hapa mara nne baada ya Noeli, na kila mara nikimuuliza kama ana barua yangu, alikuwa anapiga mfuko wa koti lake nisikie kwamba ni mtupu. Mara ya nne hakupiga mfuko. Alikaa, akaomba maji, akanywa yote, kisha akaniambia kwamba alikutana na shemeji Francine sokoni Kasongo, na shemeji alimwambia hivi: tangu ile barua ya Lusangi, mume wangu akiketi mezani anazungusha bugali tu kwenye sahani. Anasema mama yake amemkataa, kwa sababu hakufika kumzika baba yake.

Nilikuwa nimeshika bisibisi, natengeneza pompe ya mutu ya kuvutia maji. Niliiweka chini, na siku hiyo sikuichukua tena. Mwenye pompe alikuja jioni akakuta vipande vyote juu ya gunia, akaniuliza kama nimefiwa.

Kwa hiyo naandika. Naomba tu unipe ruhusa nianze mbali kidogo, na fromaji, maana ile barua iliyokuumiza na hii fromaji vimepikwa ndani ya chungu kimoja, na mpishi ni mimi.

Unakumbuka sungura. Unakumbuka ile sabuni iliyokataa kutoa povu, na mizinga ambayo nyuki wenyewe waliitazama wakapita. Hukuwahi kunicheka mbele ya watu, nakushukuru. Ulikuwa unanicheka kwa barua. Basi mwaka jana, mwanzo wa kiangazi, Abedi, yule mwenye ng'ombe kule juu kwenye majani, alikuwa na maziwa mengi mpaka anawamwagia mbwa. Watu wetu unawajua: maziwa ni ya chai na ya mutoto mugonjwa, basi. Na mimi nilikuwa na kitabu kidogo cha Kifaransa ambacho mchimbaji mmoja wa Salamabila alinipa kwa kunishukuru, baada ya kumfufulia redio yake. Hakikuwa na jalada, na kurasa tano za mwisho hazikuwepo. Kilifundisha namna ya kugandisha maziwa yakawa fromaji. Zile kurasa tano, nafikiri, ndizo zilizofundisha namna ya kufaulu.

Dawa ya kugandisha nililetewa na Abdoul, yule mfanyabiashara wa Bukavu anayekaa Salamabila. Nilipasha maziwa, nikatia dawa, yakaganda. Nikayakata kwa kisu, nikayamimina ndani ya kikapu kilichotandikwa kitambaa, maji yakachuruzika, nikatia chumvi. Kila kitu kama kitabu. Fromaji ya kwanza ilianguka chini ikaruka juu kama mpira. Ya pili Mama aliigonga kwa kidole akauliza kama ni ya kuzibia dirisha. Nikasoma tena. Kitabu kilisema kwamba fromaji inataka kulala wiki nyingi mahali penye baridi na unyevunyevu ili ipate akili. Hapa kwetu pa namna hiyo ni mahali pamoja tu, na wewe unapajua: ghala ya Mama.

Shemeji Francine hajawahi kuingia humo, kwa hiyo nimuelezee. Ni ile nyumba ndogo ya udongo nyuma ya jiko, ambayo Papa, marehemu baba yetu, aliichimba nusu yake ndani ya ardhi, karibu na chemchemi. Humo ndimo Mama analundika muhogo uliomenywa. Anaufunika kwa majani ya ndizi, anauacha siku tatu mpaka uote ukungu kama manyoya ya panya, kisha anaukwangua vizuri, anauvunja, anauanika, anautwanga. Bugali iliyotulea sisi wote ilipitia humo. Wewe na mimi tulikuwa tunachapwa tukiingia na miguu michafu.

Nilipanga fromaji sita juu ya ubao, karibu na muhogo, nikaenda Salamabila kutengeneza pompe za wachimbaji. Nilimwambia Mama siku tano. Unajua siku tano za Salamabila. Zilikuwa wiki tano.

Nilirudi pamoja na Abdoul, ambaye alikuwa anapita kwenda Kabambare. Nikaingia ghalani, na mlangoni nikapokelewa na harufu ya kitunguu saumu. Fromaji zangu zilikuwa zimefungwa ndani ya yale majani ya kufungia kwanga, ule mkate wa muhogo, na kamba juu, zimelala kwa mstari kama marehemu wenye heshima. Nikamwita Mama. Akaja anapangusa mikono, akatazama pembeni, akaanza kunieleza kwa ile sauti yake ya kanisani.

Alisema kwamba siku ya nne aliingia kuangalia muhogo akakuta vitu vyangu vimeota manyoya. Aliona haya. Ghala hiyo, alisema, imelisha watu miaka arobaini, na hakuna mutu aliyewahi kutoka akisema chakula cha Mama Jean-Marie kimeoza. Kwa hiyo alifanya kile anachoufanyia muhogo. Alichukua ile spoki ya baiskeli ya Papa, ile anayotobolea muhogo kusikia kama umelainika katikati, akazitoboa fromaji pande zote ili ajue ugonjwa umefika wapi. Akazikwangua. Akazipaka chumvi. Halafu akatwanga kitunguu saumu pamoja na majani ya lumba-lumba yanayonukia na seleri, akazisugua nayo, akasukuma mengine ndani ya zile tundu kwa kidole, ili harufu nzuri ifunike harufu mbaya mpaka nirudi. Kuzitupa hakutaka. Kitu cha mutu, alisema, anakitupa mwenyewe.

Masikini Mama, hakujua kwamba ukungu unapenda hewa, na yeye kwa spoki yake alikuwa anaufungulia milango. Uliingia kwa kila tundu, ukajenga humo ndani. Nilipokata fromaji ya kwanza, katikati kulikuwa na mishipa ya buluu, kama mkono wa mzee. Nikamwambia Mama aniletee jembe, nizifukie mbali na kuku.

Ni Abdoul aliyenishika mkono. Yeye mbele ya kufanya biashara alikuwa mpishi miaka mingi, akiwapikia wageni kwenye kambi. Alikiinua kile kipande, akakinusa, akafumba macho kama mutu anayesikia wimbo wa ujana wake. Akasema: ndugu, hii nilikuwa naipanga kwenye sahani za wakubwa. Ilikuwa inakuja na ndege, na mimi walikuwa wananiachia ngozi yake tu. Kisha akakitia mdomoni. Mimi nilikaa namtazama mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye jiwe la kusagia. Hakufa. Ndipo na mimi nikaonja.

Yaya, mwanzo ni chumvi, na ukali unaopanda puani. Kisha kitunguu saumu kinapita, kama mutu anayesalimia bila kusimama. Nyuma yake lumba-lumba. Na mwisho kabisa, wakati unafikiri imekwisha, inakuja ladha ya ghala: udongo, majani ya ndizi, muhogo, mvua ya kwanza kwenye ukuta. Nilijiona niko na miaka saba na miguu michafu. Mama alionja akatema, akasema Mungu atusamehe. Kesho yake aliomba kipande kingine ili aangalie kama bado ni mbaya. Kesho kutwa vilevile. Mpaka leo bado anaendelea na uchunguzi.

Hapa ndipo kosa langu la kwanza linapoingia. Ile barua niliyokuandikia mwezi wa tisa, kwamba nimegundua fromaji ya buluu kwa akili yangu na kitabu changu, uifute. Ya kwangu ni ile iliyoruka kama mpira. Hii ni ya Mama. Abdoul alipoanza kuipeleka Salamabila, watu wakaiita fromaji ya Clovis. Padri wa Kabambare akatuma kuiomba, akaandika: fromaji ya Clovis. Mimi nikaitika. Mutu akikusifu kwa kazi ya mama yako, kumkatalia kunataka maelezo marefu. Kukubali kunataka kuinamisha kichwa mara moja tu. Nami shingo yangu ni laini.

Nilijaribu kufanya bila yeye, mara tatu, nimefunga mlango wa ghala na kitabu mkononi. Moja ilitoka nyekundu kama tofali. Moja ililia maji mpaka ikaisha. Ya tatu hata Abdoul aliikataa, na Abdoul yule unamjua. Kitabu kinasema nyuzi za joto. Mama anatia kiwiko ndani ya maziwa. Kitabu kinasema gramu za chumvi. Mama anasema mpaka pua iseme inatosha. Yeye mwenyewe ndiye aliyeona kwamba kitunguu saumu na majani yasipakwe tena juu, yachanganywe na chumvi wakati maziwa yaliyoganda bado yamevunjikavunjika, ndipo yafinyangwe. Na spoki ingoje wiki moja. Kila asubuhi anazigeuza, anabonyeza kila moja kwa kidole gumba, na anazisemesha. Najua Louise alikutumia habari kwamba Mama ameanza kuzungumza peke yake. Siyo peke yake. Anazungumza na fromaji, na zinamsikia kuliko vile mimi nilivyomsikia maisha yangu yote.

Basi ikafika barua yako ya Novemba. Sehemu ya kwanza ulinisifu. Uliandika: hatimaye, mdogo wangu, umefanya kitu kilichosimama. Niliisoma mara tatu, nikiwa mwekundu wa uso ndani kwa ndani. Sehemu ya pili uliandika kuhusu Mama: kwamba mwanamke wa miaka sabini na mbili hafai kuwa anainama juu ya muhogo na moshi, kwamba umemtengenezea chumba chenye simenti karibu na hospitali, kwamba utatuma moto nzuri na dereva mpole imchukue mbele ya Noeli, apumzike kwako. Kila neno lilikuwa la haki. Nilitafuta hata moja la kukasirikia, sikulipata, na hilo likaniudhi zaidi.

Nikakujibu kwamba amekataa. Najua mustari ule umeuweka moyoni, kwa hiyo naurudia hapa ili tuwe tunatazama kitu kimoja: Mama anasema nyumba yake iko hapa, kwa wale waliomzika mume wake.

Yaya, Mama hakusema hivyo. Hakusema hata neno moja la hayo. Ni mimi niliyeyatunga, nikayasoma kwa sauti nikayaona mazuri. Nilikuwa natafuta maneno ya kizee.

Mama alisema ndiyo.

Nilimsomea barua yako yote, siku hiyo sikuruka kitu. Unajua anavyosikiliza: anatazama mikono yangu, siyo karatasi. Nilipomaliza akasema: kama Jean-Marie ameniita, nitakwenda, yeye ndiye aliyenipa jina. Na ni kweli, huku mpaka mutoto mdogo anamwita Mama Jean-Marie. Nimeishi naye miaka arobaini na moja chini ya bati moja, na sijawahi kusikia mutu, hata kwa kukosea, akimwita Mama Clovis.

Kesho yake alifua vikwembe vyake viwili vya kanisani. Alimpa Louise kinu chake, kile kikubwa. Akanichukua ghalani akanionyesha namna ya kugeuza, fromaji ya huku hivi, ya kule hivi, polepole, kama mutu anayeacha watoto kwa jirani. Nilikuwa naitika. Nilipotoka nikaona pale kinu kilipokuwa kimesimama. Pamebaki duara chini, udongo mkavu, mweupe, haujawahi kuona mvua. Nikaingia ndani, nikachukua kalamu, nikakuandikia uwongo ule.

Mama nikamwambia uwongo mwingine. Nilingoja Blaise apite, nikasema ameleta barua yako ya pili, kwamba daraja la miti limekatika na unamwomba asubiri kiangazi. Akaamini. Aliuliza tu kama umeandika kitu kingine. Nikasema umemsalimia sana, sana. Nimeona kwamba mutu mwongo anakuwa mkarimu kwa salamu.

Utafikiri nilifanya kwa ajili ya fromaji. Mimi mwenyewe nilifikiri hivyo wiki mbili nzima, na ilinisaidia, maana sababu ya biashara haina aibu. Lakini fromaji haikuwa ndiyo sababu. Papa alipofariki wewe ulifika siku nne baadaye, ukalia mbele ya watu wote, ukalia vizuri. Mimi sikulia. Nilikuwa napiga misumari kwenye sanduku, kisha nilikuwa na wageni, kisha nilikuwa na Mama wa kuangaliwa. Kila jioni nilijiambia, acha kwanza, Mama yupo. Niliogopa kwamba siku moto itakapomchukua, nitageuka nirudi ndani, na kile kilio kitakuwa kimeketi kwenye kiti chake kinaningoja.

Na kuhusu siku zile nne, sikiliza. Hapa hakuna mutu anayekuhesabia. Mto ulikuwa umejaa, na Papa hakuweza kukungoja, joto lilikuwa jingi. Unajua Mama anavyosimulia? Wageni wakija, anawaambia jinsi direktere mzima wa Kasongo alivyovuka maji yakimfika kifuani, viatu juu ya kichwa, koti juu ya viatu, ili aje apige magoti kwenye kaburi la baba yake. Kila mwaka maji yanapanda kidogo. Sasa yamefika shingoni. Ukikawia kuja, atakuzamisha.

Nilipofika hapo juzi mchana, niliona kwamba siwezi kuendelea kuandika habari za Mama nyuma ya Mama. Nikachukua karatasi zote, nikamfuata pale nje alipokuwa anamenya muhogo, nikamsomea kuanzia salamu mpaka maji ya shingoni. Sikuruka kitu, hata kuku wa Louise. Alipofika, yaani nilipofika, kwenye neno kwamba amekataa, kisu chake kilisimama. Nikaendelea kusoma. Kisu hakikutembea tena mpaka mwisho.

Hakunitukana. Yaya, ningetoa mkono mmoja anitukane. Aliinuka, akajifunga kikwembe, akaenda kwa Louise. Alirudi na kinu kichwani, miaka sabini na mbili, shingo imenyooka, na Louise nyuma yake anasema shikamoo Mama Jean-Marie, si ungeniambia nikusaidie. Akakitua pale pale kwenye duara. Akatia muhogo ndani. Akanipa mimi mchi.

Tangu juzi natwanga. Ndiyo maana nimerudi kule juu kwenye salamu nikaongeza kwamba nimepungua. Wanawake wakipita barabarani wanasimama, wanauliza kama nimeolewa, na Louise ameleta kiti.

Alipoona mikono yangu imetoka malengelenge, akaketi karibu, akasema: sasa andika, na uandike vile ninavyosema, usinipambie. Haya ndiyo maneno yake, nimeyaweka bila chumvi:

Jean-Marie, ni miye mama yako. Nilisema ndiyo. Clovis alikata maneno yangu kati, na mimi namtwangisha. Wewe usinitumie moto, wala dereva mpole, wala karatasi. Kuja mwenyewe. Kitanda chako kiko. Utakaa siku tatu, utakula, utaingia ghalani na miguu safi uone kile mama yako anafanya na uzee wake. Kisha utaniuliza kwa mudomo wako, na nitakujibu kwa mudomo wangu. Kama ni kwenda, vikwembe vyangu viko safi. Kama ni kubaki, hautazungusha tena bugali kama mutoto mugonjwa. Mimi sijakukataa. Mama anamkataa namna gani mutu ambaye watu wanamwita kwa jina lake?

Aliishia hapo. Nikamuuliza kama kuna nyongeza. Akafikiri, akasema: mwambie atembee polepole kwenye daraja. Halijakatika, lakini ni bovu.

Sasa neno la mwisho, halafu unaweza kufunua sahani. Fromaji iliyo mbele yako siyo ya wiki iliyopita. Mama aliifinyanga siku ile ile aliyosema ndiyo. Alisema hawezi kufika kwa mutoto wake mkubwa mikono mitupu, na kwamba Kasongo mnanunua kila kitu, lakini hii hamna. Imelala ghalani miezi mitatu, pembeni na zingine, na kila asubuhi ameigeuza ya kwanza. Abdoul aliiona akaitaka. Mama alimwambia ina mwenyewe, inangojea barabara ifunguke. Mimi nilikuwa namuona anavyoigeuza, Yaya. Kila asubuhi, siku zaidi ya themanini. Na nilikunywa chai yangu.

Ikateni na kisu kilichochovywa kwenye maji moto. Muile na ndizi ya kuchemsha ao muhogo wa kuchoma, ingali moto, fromaji ipate kuyeyuka kidogo. Wewe uanze na kipande kidogo, uvumilie ukali, ungoje mpaka ladha ya mwisho. Ukiisikia ghala, utajua ni nani aliyekuandikia, na maneno yangu yote yatakuwa kelele tu.

Kama utanikasirikia, una haki, na ufanye hivyo uso kwa uso; nitakuwa pale kwenye kinu, hautanikosa. Kama utamchukua Mama, nitamfungia mizigo mwenyewe na kushika moto wakati anapanda. Nimeshaanza kulia kidogo, jana, katikati ya kutwanga, nikamwambia Louise ni kitunguu saumu. Kwa hiyo usiniogopee.

Msalimie shemeji Francine, na umshukuru kwa kuongea na Blaise pale sokoni. Bila yeye ningekuwa bado naandika uwongo kwa mwandiko mzuri. Wasalimie watoto mmoja mmoja kwa majina yao, na Elsa pamoja na jino lake. Abedi na ng'ombe zake wanakusalimu. Louise anakusalimu akiwa ameketi. Jirani mwenye redio naye apate salamu yake, na kipande chembamba, asije akasema tumemnyima.

Tunakungoja. Mbele ya kupanda moto, vaa viatu unavyoweza kuvivua.

Ni mimi mdogo wako, mtwangaji,
Clovis

Ile alama chini ya jina langu siyo wino umemwagika. Ni kidole gumba cha Mama. Alikuwa anatoka kugeuza fromaji, mkono bado una buluu, akaniambia nisogee, akabonyeza. Anasema hiyo ndiyo saini yake, na shemeji Francine asiikwangue hata hiyo.